Daktari Asomeshewe Pemba

Hotuba iliyotolewa Chake Chake mbele ya viongozi wa mkoa, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, masheha, walimu wa skuli za sekondari, wazazi na wanafunzi wa kidato cha sita.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, masheha wetu, walimu wenzangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu wa kidato cha sita mliokaa huko nyuma: nakushukuruni kwa kuniita. Mimi ni mkunga. Nimezalisha, kisha nikafundisha wengine kuzalisha, na umri ulipofika nikastaafu. Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya upungufu wa madaktari Pemba nilikubali, lakini nikasema nitazungumza juu ya pesa. Upungufu tunaujua sote. Hakuna nyumba hapa ambayo haijawahi kuambiwa "daktari wa hayo yuko Unguja".

Neno langu ni moja. Pesa ya Serikali ya kumsomesha daktari tumezoea kumpa mwanafunzi, imlipie ada huko alikokwenda. Mimi nataka sehemu kubwa ya pesa hiyo ije ikae hapa Pemba: iwalipe wanaofundisha hapa, ijenge dahalia za wanafunzi hapa, igharimie nafasi za mafunzo hapa. Tukilipia ada peke yake tunamlipia mtu safari ya kuondoka. Tukilipia pahala pa kusomea, tunampa sababu ya kuwepo.

Kwanza niwape haki yao waliotangulia. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Mwaka huohuo madaktari wa Kichina walifika Zanzibar kwa mara ya kwanza, na tangu hapo timu zao kutoka jimbo la Jiangsu zimekuwa zikipokezana, Unguja na huku kwetu. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2007 ndugu zetu wa Cuba, kupitia Chuo Kikuu cha Matanzas, walianza kusomesha madaktari hapahapa Zanzibar, na mpango ule baadaye ukaingia ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Hili la Cuba nalitaja kwa shukrani ya pekee. Zamani kijana wetu akitaka udaktari ilibidi avuke bahari kwenda Dar es Salaam, Moshi, Cairo au Ulaya Mashariki. Wacuba walifanya kinyume: walivuka wao, wakaja kufundisha penye wagonjwa wetu. Na katika miaka ya karibuni, fedha za mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na UVIKO-19, ambazo Zanzibar ilipata kiasi cha shilingi bilioni 230, zimetumika pamoja na mengine kujenga hospitali 10 za wilaya na moja ya mkoa.

Basi kuta zimesimama, na tunashukuru. Lakini kuta hazizalishi. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Kati yetu, 543,441 tuko Pemba, yaani karibu watu 29 katika kila 100. Nakuombeni wajumbe wetu muiweke hesabu hiyo kichwani kila mnaposikia takwimu za madaktari. Wakisema Zanzibar ina madaktari kadhaa, ulizeni: wangapi wanalala Pemba? Wanaolala, nasema, si wanaopita kwa wiki moja na boti ya kurudi wameshaikatia tiketi.

Sasa nieleze kwa nini nasema pesa ikae penye mafunzo. Nitakuonyesheni kitu kimoja kwa karibu, na wanaume mlioko hapa mnisamehe, nitazungumza kama mkunga.

Mama amejifungua saa kumi za usiku. Mtoto amelia, kondo la nyuma limetoka, bibi yake nje amesikia sauti na anamshukuru Mungu. Mwanafunzi ameshashika kalamu, anajaza faili. Mimi nauchukua mkono wake wa kulia nauweka kwenye tumbo la mama, chini ya kitovu. Namwambia: kitafute kizazi. Anabonyeza. Hakipati. Tumbo laini, vidole vinazama tu, na chini kule kitambaa kinalowa. Namwambia: sugua, kwa mduara, usimwonee huruma sasa hivi. Anasugua. Namwambia muuguzi mwengine alete sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi. Na pole pole kile kizazi kinajikusanya chini ya kiganja chake, kinakuwa kigumu kama embe bichi, na damu inapungua. Mwanafunzi ananitazama. Kuanzia usiku ule hahitaji tena kuambiwa. Mkono wake umeshajua.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza duniani kwa kuua mama wazazi. Mama mwenye afya njema anaweza kuondoka ndani ya saa chache. Na ule ujuzi wa mkono hauko katika kitabu wala katika kompyuta. Unafundishwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja, kitandani, tena usiku, na huyo anayefundisha lazima awe na dakika kumi za kusimama. Dakika kumi hizo ndizo ghali. Daktari mwenye wadi nzima peke yake, huku wengine wanamgojea chumba cha upasuaji, hana dakika kumi za kumpa mwanafunzi. Anazo dakika mbili, na katika mbili hizo atamwambia "simama kando nikuonyeshe siku nyengine". Siku nyengine haifiki. Kwa hivyo tunaposema gharama ya kusomesha daktari, tusifikiri ada na vitabu tu. Gharama kubwa ni kuongeza mtu wa pili katika wadi, ili wa kwanza apate nafasi ya kufundisha. Bodi ya Mikopo haiwezi kumpa mwanafunzi pesa hiyo mkononi. Lazima Serikali iipeleke hospitali yenyewe.

Nchi nyengine zimejifunza jambo hili, baadhi yao kwa gharama kubwa. Marekani, serikali huzilipa hospitali ili zifundishe madaktari wanaochukua ubingwa, na mlipaji mkubwa ni Medicare, bima ya afya ya wazee iliyotungiwa sheria mwaka 1965. Mwaka 1997 Bunge lao likaweka kikomo: hospitali italipiwa nafasi za mafunzo kwa idadi iliyokuwa nayo mwaka 1996, haizidi. Mkiisikiliza haraka, ni hatua ya kubana matumizi tu. Lakini nani alikuwa na nafasi nyingi mwaka 1996? Hospitali kubwa za miji mikubwa ya zamani. Nani alikuwa nazo chache? Maeneo ya mashamba, na mikoa ambayo watu wake walikuwa ndio kwanza wanaongezeka. Pesa ikaganda pale ilipokuwa, na madaktari wakaganda nayo, kwa sababu huko zaidi ya nusu ya madaktari hubaki kufanya kazi katika jimbo walilomalizia mafunzo yao. Mwaka 2010 ikabidi watunge sheria nyengine ya kupeleka pesa za mafunzo moja kwa moja katika vituo vya afya vya jamii, penye watu wasio na daktari. Taifa tajiri kuliko yote, na bado pesa ya umma iliwapa waliokuwa nacho. Sisi tusisubiri miaka mingi kama wao kulijua hilo.

Jimbo la Minnesota, hukohuko Marekani, lilikuwa limeshaona mbele. Mwaka 1971 baraza la kutunga sheria la jimbo lilitoa fedha kwa chuo kikuu chao ili wanafunzi wa udaktari wakaishi miezi tisa katika miji midogo ya mashamba, kila mmoja chini ya daktari wa pale. Mwanafunzi hahami kila wiki. Anakaa. Anamwona mama mjamzito mwezi wa tano wa mimba, anakuwepo akijifungua, anamwona mtoto akichanjwa. Wengi waliopita huko wakarudi kufanya kazi katika miji ya namna ile. Waheshimiwa wajumbe, nimeitaja Minnesota kwa sababu waliotoa pesa walikuwa wawakilishi wa watu kama nyinyi.

Halafu Japani, nchi ya visiwa kama sisi. Mwaka 1972 serikali za mikoa yao ziliungana zikaanzisha chuo cha udaktari cha Jichi. Kila mkoa huchagua vijana wake wachache kila mwaka na kuwapeleka pale. Ada wanakopeshwa, na deni linafutwa iwapo kijana atarudi kuutumikia mkoa wake kwa miaka tisa, pamoja na kupelekwa vijiji vya milimani na visiwani. Anayevunja mkataba anarejesha pesa yote. Miaka tisa ni mingi, na wapo watakaosema ni utumwa. Lakini tazameni ilivyofungwa kazi hiyo: kijana ametoka mkoa ule, amechaguliwa na mkoa ule, amelipiwa na mkoa ule, na akirudi anakuta nafasi ya kazi imewekwa kwa jina lake. Walio wengi sana wanaitimiza miaka yao.

Linganisheni na kwetu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, imewafungulia milango vijana wengi, na mimi sina ugomvi nayo. Ila mkopo wa kawaida haumwulizi daktari atafanya kazi wapi. Unamwuliza atalipa lini. Kijana wa Micheweni akishamaliza miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, mjini, ameshapanga nyumba mjini, pengine ameshaoa mjini, walimu wake wako mjini, wenzake wa kushauriana nao wako mjini. Wazee wetu wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyu ngamani kwake ni wapi tena? Tumemjengea Unguja, kwa pesa yetu wenyewe, kisha tunamlaumu kwamba kawasahau watu wake. Mimi silaumu kijana hata mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake juu ya jambo hili mwaka 2010 na kuyarejea mwaka 2021: chagueni wanafunzi waliotoka maeneo yenye upungufu, wekeni vyuo nje ya miji mikuu, wapelekeni wanafunzi wajifunze vijijini, toeni ufadhili wenye sharti la kutumikia. Na wakasisitiza yaende pamoja, si moja moja. Hapo ndipo sisi tunapokwama. Tunachukua kipande kimoja, kama vile ufadhili, kisha tunashangaa mbona hakifanyi kazi.

Kuna jambo jengine, na hili linanigusa zaidi kuliko yote. Maradhi ya Pemba yana tabia zake, na mtu huyajua kwa kuyaishi.

Chukueni kichocho. Kisiwa chetu kimepigana nacho kwa miaka mingi, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, inajulikana duniani kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Kila mtu hapa anajua mtoto wa kiume akikojoa damu ni kichocho. Lakini wangapi wanajua kwamba mayai ya mdudu yuleyule hukaa katika via vya uzazi vya msichana? Huleta vidonda, maumivu, kutokwa na damu na majimaji. Daktari aliyesomea pasipo kichocho akimwona msichana wa miaka kumi na saba katika hali ile, jambo la kwanza litakalomjia ni maradhi ya zinaa. Atamwuliza maswali ya zinaa, mbele ya mama yake. Nyumba itawaka moto. Na binti hajamjua mwanamme. Amechota maji mtoni na kufua tangu utoto wake. Mwanafunzi wa udaktari akikaa mwaka mmoja Pemba, akienda Wawi kutazama yale mayai kwa darubini, akifuatana na wahudumu wa afya mpaka kwenye vijito, hatomwuliza msichana yule swali lile kwa namna ile. Heshima ya binti wa watu imo ndani ya mafunzo ya daktari, nanyi wazazi mnanielewa.

Au chukueni sumu ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya 70 wakalazwa. Mungu awarehemu. Sumu ile haina dawa yake maalumu. Kinachomwokoa mgonjwa ni kutambuliwa mapema, kuangaliwa pumzi yake na maji ya mwilini, na kutafutwa upesi waliokula naye chungu kimoja. Daktari mgeni, hata awe hodari vipi, hatofikiria kuuliza "jana mmekula nini, na nani?" kwa haraka ile ambayo daktari aliyekaa na wavuvi angeuliza.

Na hili dogo, ambalo kwetu si dogo. Daktari aliyesomea hapa, akitaka kumtoa mgonjwa visiwa vidogo vya Kojani, Fundo au Makoongwe, huuliza kwanza maji yako wapi. Yamekupwa au yanajaa? Mashua itaelea saa ngapi? Hupanga dawa na dripu kwa mujibu wa bahari. Hayo hayafundishwi Dar es Salaam, na hakuna sababu yafundishwe kule.

Nimesikia hoja za kupinga, na nyengine nzito. Ya kwanza, kwamba Pemba haina mabingwa wa kutosha kufundisha. Kweli, hawatoshi. Lakini hawatatosha mpaka pawe na kazi ya kufundisha, kwa sababu bingwa mzuri anapenda kufundisha, anapenda kuulizwa maswali na vijana, anapenda utafiti. Ukimweka peke yake hospitali bila ya mwanafunzi wala mwenzake, atakaa mwaka kisha ataomba uhamisho. Mpeni cheo cha uhadhiri SUZA huku akiwa Mkoani au Wete, posho ya kufundishia inayolipwa kwa wakati, intaneti ya kuaminika, na nyumba. Sisemi tufungue chuo kizima cha udaktari Pemba kesho. Miaka ya mwanzo, anatomia, baiolojia ya mwili na dawa, wanafunzi wasome Unguja ambako maabara na walimu wapo. Miaka ya mafunzo ya wadi ndiyo nataka igawanywe, na angalau mwaka mmoja mzima, si wiki sita, uwe Pemba. SUZA ina kampasi Mchangamdogo, Wete. Ardhi ipo, jina lipo, na hospitali za Wete, Chake na Mkoani ziko ndani ya kisiwa kimoja.

Hoja ya pili ni ya wagonjwa: kwamba hatuna wa kutosha wa kufundishia. Hii nakataa kabisa. Nimekaa wadi ya wazazi. Wagonjwa wapo, na wapo pia wale ambao hawaji kwa sababu wanajua hakuna daktari.

Hoja ya tatu inatoka kwa vijana wenyewe, nami naiheshimu. Wanasema: mnatutaka tusome udaktari, tufunge mkataba wa miaka, na wenzetu waliokwisha kuhitimu wako mitaani wanasubiri ajira. Hili ni kosa la mipango yetu kama taifa, bara na visiwani. Kituo hakina daktari, na daktari hana kazi, na wote wawili wako nchi moja. Kumsomesha mtu bila kuiweka nafasi yake katika ikama, yaani orodha ya nafasi za ajira, ni kuitupa pesa ya umma. Kwa hivyo mkataba uwe na pande mbili. Kijana aahidi miaka, na Serikali iahidi ajira tangu siku anaposaini: kituo kinachojulikana, mshahara, nyumba, na zamu yake ya kwenda kuchukua ubingwa baada ya miaka kadhaa ya kutumikia. Asifungwe Micheweni mpaka mvi. Upande mmoja ukivunja, upande wa pili uwe huru. Mkataba wa namna hiyo hakuna mzazi hapa atakayemkataza mwanawe kuusaini.

Kuna ugumu wa kiserikali ambao wajumbe wanaujua kuliko mimi. Afya Zanzibar ni jambo letu wenyewe. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Mwanafunzi wa udaktari ana mguu mmoja huku na mmoja kule: chuo chake kinasimamiwa kwa taratibu za Muungano, na kitanda anachojifunzia ni cha Wizara ya Afya ya Zanzibar. Ndipo pesa yake inapopotea njiani. Wizara moja inasema kufundisha ni kazi ya chuo, chuo kinasema wadi ni ya Wizara. Hili si la kugombana. Ni la kukaa mezani na kuandika nani analipa nini.

Nije kwa nyinyi walimu na wazazi, maana udaktari hauanzi chuoni. Unaanza kwenye maabara ya skuli. Skuli ambayo mwanafunzi wake anaisoma titresheni ubaoni bila kushika bureti haiwezi kushindana na skuli za mjini, hata mtoto awe na akili ya namna gani. Tukisema tuchague wanafunzi wa Micheweni na Mkoani halafu hatukuwapa vifaa vya sayansi, tutakuja kuambiwa "Wapemba hawakufikia alama", na mlango utafungwa kwa haki. Sehemu ya bajeti ya udaktari ianzie hapo, kidato cha tatu mpaka cha sita: kemikali, darubini, na mwalimu wa fizikia anayebaki.

Na mabinti. Nitasema wazi. Wazazi wengi wa kisiwa hiki hawakatai binti kusoma. Wanachokataa ni binti kupanga chumba uswahilini peke yake, mji wasioujua, kwa miaka mitano. Mimi nilipokuwa nikifundisha, mabinti waliokuwa hodari kuliko wote katika mikono yangu walikuwa wakiniaga njiani, na sababu ilikuwa pahala pa kulala. Dahalia salama ya wanafunzi wa kike karibu na hospitali, yenye taa, uzio, mlezi mwanamke na gari la kuwachukua wakiwa zamu za usiku, ingetuletea madaktari wengi kuliko matangazo yote ya redioni. Mwanamke wa Pemba anayetaka kuonwa na daktari mwanamke ana haki hiyo, na huyo daktari hatoshuka kutoka mbinguni. Ni mtoto wa mmoja wenu, na yumkini amekaa huko nyuma sasa hivi.

Watu wataniuliza pesa itoke wapi. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ile ni ya miaka mingi sasa, na nchi nyingi hazijaifikia. Lakini hata kabla ya kuongeza, tazameni tunachokwisha kulipa: nauli za rufaa kupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na bara, posho za madaktari wa kuja na kurudi, na gharama isiyoandikwa popote ya mume anayeuza ng'ombe wake ili amfuate mkewe hospitali ya ng'ambo, alale barazani wiki mbili. Kisiwa hiki kimetoa sehemu kubwa ya karafuu ya nchi hii kwa vizazi. Kuomba mwaka mmoja wa mafunzo ya udaktari ufanyike hapa si kuomba sadaka.

Waheshimiwa wajumbe, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake bajeti ya Wizara ya Afya itasomwa Barazani. Nakuombeni, wa vyama vyote, wa majimbo yote ya Pemba, mkae pamoja kabla ya siku hiyo. Msiulize tena kwa jumla "lini tutaletewa madaktari". Ulizeni fungu la bajeti. Pesa ya kufundishia madaktari wanafunzi katika hospitali za Pemba iko fungu gani, ni kiasi gani, na nani anaidhinisha itoke? Kama haipo, ombeni iandikwe kwa mstari wake peke yake, isichanganywe na dawa wala mafuta ya gari, kwa sababu ikichanganywa italiwa na dharura. Ulizeni pia mwaka huu madaktari watarajali wangapi wamepangiwa Pemba, na wanalala wapi. Majibu mtakayopewa, yaandikeni, mje mtusomee hapahapa.

Mimi nimemaliza. Nimeambiwa pana nafasi ya maswali, na ningependa waanze wale wa kidato cha sita, mabinti kwanza.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.